Fundi Anajibu: Tenganisha 5 na 7

Safu ya leo nimeiachia nyaya za plagi peke yake. Barua zimekuja za magari ya misuli, kama Wamarekani wenyewe wanavyoyaita: Chevelle, GTO, Mustang na wenzao, V8 (injini za silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V) za miaka ya 60 na mwanzoni mwa 70. Kazi nilijifunzia Tanga, kwenye Bedford na Peugeot, lakini ukiishi Michigan magari haya huyakwepi. Jumamosi ya tatu ya Agosti barabara ya Woodward hujaa kwa ajili ya Woodward Dream Cruise, watu wameegesha na kufungua boneti, na mimi hupita nikichungulia nyaya kabla ya rangi wala rimu. Nyaya zinasema mengi kuhusu mwenye gari.

*Shikamoo fundi. Nina Chevelle ya 1970, injini 350 (inchi za ujazo). Nimeifunga heda mpya za ekzosi na nyaya nyekundu nene za milimita 8.5, kijana wa dukani akaniambia zitaongeza nguvu. Nimezipanga kwa vibano vya plastiki, zimelala kama nywele zilizosukwa. Gari likiunguruma limesimama halina shida. Nikikanyaga mafuta au nikipanda mlima linamisi na kuna kitu kinagonga ndani. Nimebadilisha plagi, koili na kifuniko cha distribyuta, hakuna nafuu. Sasa kofia ya mpira ya silinda ya 7 imeanza kuungua, na nyaya hazijamaliza hata mwezi. — Mpenda Chevelle, Columbus, Ohio*

Marahaba. Chukua koleo ukate hivyo vibano vya plastiki kwanza, halafu urudi tuendelee. Na mpaka tumalize, usilikanyage tena gari hilo mlimani.

Chevrolet V8 yako huwasha silinda kwa mpango huu: 1-8-4-3-6-5-7-2. Upande wa dereva, kuanzia mbele, kuna 1, 3, 5 na 7. Upande wa abiria kuna 2, 4, 6 na 8. Sasa tazama mpango wenyewe: 5 ikishawaka, inayofuata ni 7. Ni majirani kwenye injini na wanafuatana kwa zamu. Tena kwenye kifuniko cha distribyuta, kile kigawa umeme kwa plagi, matundu yao yako bega kwa bega, kwa hiyo nyaya hizi mbili hutoka pamoja na kwenda upande mmoja. Mtu anayependa kupanga vitu akiziona hivyo, anazifunga pamoja. Ndivyo ulivyofanya.

Waya wa 5 unapopitisha umeme wa maelfu ya volti, hujizungushia uga wa sumaku. Waya wowote uliolala sambamba nao, karibu, kwa urefu wa kutosha, huzalishiwa umeme wake bila kuguswa. Haihitaji gamba kupasuka. Hata nyaya mpya kabisa, za bei yoyote, hufanya hivyo, ndiyo maana plagi, koili na kifuniko ulivyobadilisha havikusaidia.

Na angalia 7 iko wapi wakati huo. Kwenye V8 silinda hupishana nyuzi 90 za mzunguko wa kranki. Kwa hiyo 5 inapowaka, pistoni ya 7 bado inapanda, ina nyuzi 90 mbele yake, na mchanganyiko wa hewa na petroli umekwisha kufungiwa ndani. Cheche ikiingia hapo, moto unawaka mapema mno na kuisukuma chini pistoni ambayo kranki inaisukuma juu. Huko ndiko kugonga unakokusikia. Ukiliacha liendelee litavunja kingo za ringi au kutoboa pistoni, na hapo utakuwa unaniandikia barua nyingine yenye gharama nyingine.

Kwa nini linatulia ukiwa umesimama? Kwa sababu mzigo ukiwa mdogo, mgandamizo ndani ya silinda ni mdogo, na plagi hairukishi cheche kwa volti nyingi. Ukikanyaga, silinda inajaa, plagi inadai volti zaidi, na hapo ndipo umeme unapotafuta njia za pembeni. Gari linalomisi likibebeshwa mzigo na kutulia likisimama, mimi hushuku umeme wa juu kabla ya kabureta.

Upangaji sasa. Waya wa 7 ni mfupi, maana distribyuta ya Chevrolet iko nyuma na silinda ya 7 iko nyuma. Uache uende peke yake: utoke kwenye kifuniko, ushuke nyuma ya kichwa cha silinda, uingie kwenye plagi. Waya wa 5 uungane na wa 3 na wa 1, upite juu kando ya kifuniko cha valvu. Ikiwa nafasi inakulazimisha uzipitishe zote nne kwenye kishikio kimoja, weka 5 mwisho huu na 7 mwisho ule, na 1 na 3 zikae katikati. Zikilazimika kupishana, zipishane kama msalaba, zisilale sambamba. Kati ya waya na waya acha upana wa kidole. Vishikio vya plastiki vyenye matundu yaliyoachana huuzwa bei ndogo, na vinafaa kuliko kibano chochote kinachobana nyaya zikagusana. Najua havipendezi kwenye picha.

Kofia ya 7 iliyoungua ni kesi ya pili. Kiwandani Chevelle yako ilikuwa na manifoldi za chuma cha kusubu, na nyaya zilipitishwa chini yake zikiwa na ngao za bati kukinga joto. Umetoa manifoldi, umeweka heda, na mabomba ya heda hupita jirani kabisa na plagi. Njia ya zamani imekufa. Gamba la silikoni linavumilia joto la zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi, lakini halivumilii kulazwa juu ya bomba la ekzosi. Hakikisha waya wala kofia haigusi bomba hata kidogo. Mimi hutaka kidole gumba kipite kati yao. Kumbuka pia kwamba injini hutikisika kwenye maunti zake ukikanyaga, kwa hiyo umbali unaouona gari likiwa limezimwa si umbali wa barabarani. Upande huo wa dereva chunga na mhimili wa usukani, waya usije ukasuguliwa nao.

Kofia za mpira zina maumbo: zilizonyooka, za nyuzi 90, na zilizopinda kiasi kati ya hizo mbili. Usinunue seti kwa kutazama jina la gari kwenye boksi, maana boksi halijui heda uliyofunga. Toa waya mmoja, ingiza mkono, uone plagi inatazama wapi na bomba liko wapi, kisha chagua pembe. Kwa silinda zinazokaa ndani ya kona ya joto, kama 7 yako, ongeza soksi ya nyuzi za kioo juu ya kofia, au nunua kofia za seramiki. Za seramiki ni ghali kiasi na haziungui, ila hazipindi, kwa hiyo pima kwanza.

Unene sasa, kwa sababu umeuziwa maneno. Chevelle ilitoka kiwandani na nyaya za milimita 7. Za milimita 8 zilienea kwa General Motors, wenye Chevrolet na Pontiac, pale walipoleta HEI, ule mfumo wao wa umeme wa kielektroniki, katikati ya miaka ya 70, kwa kuwa volti zilipanda sana kupita zile za pointi, ile swichi ya zamani iliyokata na kuunga umeme ndani ya distribyuta. Unene huo ni wa gamba. Haukwambii chochote kuhusu uzi uliomo ndani. Gamba nene linazuia umeme kuvuja, basi. Plagi ikipata cheche safi kwa wakati wake, waya umemaliza kazi, na hakuna farasi wa ziada waliofichwa humo. Kama bado una pointi, milimita 7 au 8 nzuri zinakutosha. Hizo nyekundu si mbaya. Zitumie, umeshazilipia, ila badilisha waya wa 7.

Wakati umefungua, nenda gizani, washa injini, na unyunyize maji kidogo kwa chupa ya kupulizia kuzunguka nyaya, mikono mbali. Ukiona vimulimuli vya buluu vinaruka kuelekea kwenye chuma, hapo gamba limepasuka. Kisha pima kila waya kwa mita ukiwa umetolewa pande zote mbili. Nyaya za uzi wa kaboni za mtindo wa kiwandani husoma kati ya ohm 3,000 na 7,000 kwa kila futi moja. Zile za uzi uliozungushwa kama springi husoma chini zaidi, makumi au mamia ya ohm kwa futi. Unachotafuta ni ule mmoja unaoachana na wenzake. Na unapoutoa, shika kofia, izungushe kwanza mpaka iachie, ndipo uvute. Ukivuta waya unaacha kiungo ndani.

*Fundi, nimebadilisha nyaya zote za GTO yangu ya 1967 kwa kufuata mchoro wa mpango 1-8-4-3-6-5-7-2 niliopewa na rafiki mwenye Camaro. Nilianza na namba 1 palepale ilipokuwa. Gari haliwaki kabisa, linapiga mafataki kwenye kabureta na kwenye ekzosi. Mpango si ni uleule? — Wa Minneapolis*

Mpango ni uleule, kaka. Mzunguko ndio tofauti. Rota, kile kidole kinachozunguka chini ya kifuniko cha distribyuta, ya Chevrolet kama Camaro ya rafiki yako, ukiitazama kutoka juu, huzunguka kama mishale ya saa. GTO yako ni Pontiac, na rota ya Pontiac huzunguka kinyume. Wewe umepanga nyaya kwa kufuata mishale ya saa, rota inakwenda upande wa pili. Chukua karatasi uchore duara utaona jambo la kuchekesha: silinda mbili tu ndizo zinazopata cheche kwa wakati, ya 1 na ya 6. Nyingine sita zinawaka wakati wowote zipendao, ndiyo mafataki hayo.

Acha namba 1 ilipo, uhesabu nyingine kinyume cha mishale ya saa. Gari litawaka.

Wenye magari ya Chrysler wasicheke, wao wana yao. Injini ndogo, 318 na 340, rota huzunguka kama saa; kubwa, 383 na 440, huzunguka kinyume, na mpango wa kuwaka ni huohuo mmoja. Kwa hiyo usiamini mchoro wa mwenzio. Fungua kifuniko, mwambie mtu apige stata kidogo, utazame rota inaelekea wapi. Nusu dakika haifiki. Na siku nyingine badilisha waya mmoja mmoja: toa wa zamani, weka mpya mahali pake, nenda kwa unaofuata. Anayeng'oa zote nane kwa pamoja ndiye anayeniandikia barua.

Usisahau kwamba Pontiac nayo ina 5 na 7 jirani upande wa dereva. Yote niliyomwambia wa Columbus yanakuhusu.

*Assalaam alaykum fundi. Mimi ni mtu mzima, asili Unguja, niko Muscat. Nina Mustang ya 1967, injini 289, ina redio yake ya asili ya AM. Karakana moja ya hapa ilinitolea pointi ikaweka kifaa cha kielektroniki, ikanifungia na nyaya za shaba tupu, wakasema zinapitisha umeme wote bila kupunguza. Tangu hapo redio inalia pamoja na injini, nikiongeza mafuta na mlio unapanda. Mara nyingine gari linakata ghafla kisha linaendelea. Kwa joto la huku ninunue nyaya zipi? — Baba Salim*

Waalaykum salaam, mzee wangu. Waliokufungia shaba wamesema kweli nusu. Shaba haina ukinzani wa maana, umeme unapita kama ulivyo. Lakini kila cheche ni mshtuko mkali wa umeme, na waya wa shaba mrefu namna hiyo unakuwa antena. Unarusha mawimbi ya redio, na redio yako ya AM inayapokea kwa uaminifu mkubwa. Uzi wa kaboni ulibuniwa kuyazuia hayo. Nyaya za asili za magari mengi ya Marekani huwa zimeandikwa herufi TVRS ubavuni, maana yake zinazuia kelele za televisheni na redio.

Kelele hizohizo huchanganya vifaa vya kielektroniki. Pertronix, kwa mfano, ambao vifaa vyao vya kuondoa pointi vimeenea sana, wanawaambia wateja wasitumie nyaya za shaba tupu. Kwa hiyo kukata kwako ghafla huenda kunatoka hapo. Huenda pia ni koili inachemka au kiungo cha waya kimelegea, lakini nyaya ndizo za kuanza nazo, maana za shaba ni lazima zitoke kwa vyovyote.

Nunua za uzi uliozungushwa kama springi, zenye gamba la silikoni, milimita 8. Uzi wa namna hiyo unazuia kelele karibu kama kaboni, na haukatiki ndani upesi kama kaboni inavyokatika ikikunjwakunjwa kwenye joto. Waulize pia kama plagi zako zina herufi R kwenye namba yake. R ni ya zile zenye kizuizi cha ndani, nazo zinasaidia redio. Kabla ya kusukuma kofia juu ya plagi, paka ndani yake grisi ya silikoni kidogo sana, kiasi cha punje ya mchele. Joto la Muscat hugandisha mpira kwenye kauri ya plagi, na bila grisi utakuja kuukata kwa kisu.

Mustang ni Ford, na Ford ina hesabu yake, kwa hiyo usipange kwa maneno niliyowapa wa Chevrolet. Upande wa abiria kutoka mbele ni 1, 2, 3, 4. Upande wa dereva 5, 6, 7, 8. Injini ya 289 huwaka 1-5-4-2-6-3-7-8 na rota huzunguka kinyume cha saa. Majirani wanaofuatana kwako ni 7 na 8, huko nyuma upande wa dereva. Na kwa sababu distribyuta ya Ford iko mbele, nyaya hizo mbili husafiri pamoja urefu mzima wa injini. Kwangu mimi hilo ni baya kuliko la Chevrolet, maana kadiri zinavyolala sambamba kwa urefu ndivyo moja inavyoizalishia nyingine umeme. Weka 5 na 6 katikati yao kwenye vishikio, toka mbele mpaka nyuma.

Kama mwanao atakushawishi siku moja kubadilisha injini na kuweka ile 5.0 ya Mustang za miaka ya 80, mwambie aangalie: 5.0 HO, kuanzia ya 1982, inatumia mpango wa injini nyingine ya Ford, 351 Windsor: 1-3-7-2-6-5-4-8. Injini zinafanana kwa sura, na wengi wamepanga nyaya za mpya kwa mpango wa zamani wakalaumu kabureta.

*Fundi, nimepata Corvette ya 1966. Distribyuta na nyaya zimefunikwa na mabati yanayong'aa, kubadilisha plagi ni mateso. Niyatupe? Na kuna mtu ananiuzia nyaya "zenye tarehe" kwa bei kubwa. Nataka kupeleka gari kwenye maonyesho. — Dada wa Houston*

Usitupe, dada yangu! Bodi ya Corvette ni ya faiba. Magari mengine yana boneti na bodi ya chuma inayozuia mawimbi ya nyaya yasifike kwenye redio. Faiba haizuii kitu, kwa hiyo Chevrolet wakazifunika nyaya zenyewe kwa chuma. Corvette zilizoagizwa bila redio hazikuwekewa mabati hayo. Gari lako likiwa lilitoka na redio na mabati hayapo, waamuzi wa maonyesho wataliona hilo kabla hujazima injini, na kuyatafuta mengine kamili ni gharama.

Nyaya zenye tarehe ni hizi: General Motors walichapa kwenye gamba robo ya mwaka na mwaka wa kutengenezwa, mfano 1-Q-66 ni robo ya kwanza ya 1966. Zinazouzwa leo ni mpya zilizochapwa upya hivyo, na ndani ni kaboni ya kawaida. Kwa gari la kuhukumiwa zinafaa. Tafuta tarehe ambayo gari lako lilitoka kwenye mstari wa kuunganishwa, ununue nyaya za robo iliyotangulia, kwa sababu waya hauwezi kuwa mdogo kwa umri kuliko gari ulilokuja nalo. Kwa gari la kwenda kazini na kurudi, okoa pesa.

Ukirudisha mabati, kaza skrubu zote na uhakikishe kila kipande kimegusa chuma safi cha injini, bila rangi wala kutu katikati. Bati lisilo na ethi haliikingi redio, na likilegea linagonga na kusugua nyaya zilizomo ndani.